Mfumo Bado Unafanya Kazi, Lakini Nani Anautunza?

Mkaazi anapolipia leseni ya biashara, anapouliza deni lake la kodi ya ardhi au anapoandikishwa kwenye dirisha la hospitali, taarifa zake huingia katika mfumo wa tarakilishi. Swali ambalo wengi wetu huuliza kuhusu mfumo huo ni moja tu: je, unafanya kazi? Ukurasa ukifunguka na risiti ikitoka, tunaridhika na kwenda zetu.

Somo hili linahusu swali la pili, ambalo huulizwa mara chache: je, vitu ambavyo mfumo huo umejengwa juu yake bado vinatunzwa na waliovitengeneza? Mfumo unaweza kuwaka vizuri kila asubuhi ilhali msingi wake uliachwa na mtengenezaji miaka mingi iliyopita. Hatari hiyo haionekani kwa macho wala haipigi kelele. Mwananchi anastahili kuielewa, kwa kuwa taarifa zilizo ndani ni zake, na pesa za kurekebisha mambo yakiharibika zitatoka kwake pia.

Mashine, injini na sakafu

Fikiria mashine ya kusaga mahindi pale sokoni. Mteja humimina mahindi juu na kupokea unga chini. Lakini mashine haijizungushi yenyewe. Huzungushwa kwa mkanda na injini ya dizeli iliyo kando, nayo injini imefungwa kwa bolti kwenye sakafu ya saruji. Injini ikiwa ya aina ambayo vipuri vyake havitengenezwi tena, unga utaendelea kutoka hadi siku kitu kitakapovunjika.

Mifumo ya ofisi ni vivyo hivyo. Unachokiona, yaani fomu ya kujaza, kitufe cha kubonyeza na risiti, ndiyo mashine. Chini yake kuna programu nyingine inayosoma maagizo ya mfumo na kuyatekeleza. Hiyo ndiyo tutakayoiita injini katika somo hili. Zinazotumika sana ni Java, PHP, Python na .NET. Chini ya injini kuna mfumo endeshi wa tarakilishi, kama Windows au Linux. Hiyo ndiyo sakafu.

Kila tabaka lina mtengenezaji wake na namba ya toleo lake. Kampuni inayouzia ofisi mfumo wa kukusanya ada kwa kawaida haikutengeneza Java wala PHP. Ilichukua toleo lililokuwepo wakati ule na kujenga juu yake. Toleo jipya la injini linapotoka, mfumo haulifuati wenyewe. Ni lazima mtu aukague, aurekebishe na kuujaribu. Mtu huyo asipokuwepo, au asipolipwa, mashine hubaki juu ya injini ile ile ya zamani.

Tarehe ya mwisho wa matunzo

Hakuna mtengenezaji anayetunza kila toleo milele. Wengi hutangaza mapema siku ya mwisho. Kabla ya siku hiyo, kasoro ya usalama ikigunduliwa, mtengenezaji hutoa kiraka, yaani marekebisho ya kuziba tundu hilo. Baada ya siku hiyo, tundu likigunduliwa hubaki wazi. Hizi hapa ni baadhi ya tarehe ambazo zimeshapita:

- Java 7: masasisho ya bure kwa umma yalikoma Aprili 2015.
- PHP 5.6: matunzo yalikoma 31 Desemba 2018.
- Python 2: 1 Januari 2020.
- Windows 7: 14 Januari 2020.
- PHP 7.4: 28 Novemba 2022.
- Windows 10: 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa waliojiandikisha kupata masasisho ya ziada ya muda.

Serikali za kaunti zilianza kazi mwaka 2013. Tuchukue mfano wa ofisi yoyote iliyonunua mfumo mwaka huo, ukiwa umejengwa juu ya Java 7. Toleo hilo lilitoka mwaka 2011, na mwaka 2013 ndilo lililokuwa la kisasa. Miaka miwili tu baadaye, hata kabla ya muhula wa kwanza wa kaunti kwisha mwaka 2017, masasisho yake ya bure yalikuwa yamekoma. Ununuzi wenyewe ungekuwa sawa kabisa. Kosa lingekuwa kudhani kwamba kazi iliisha siku mfumo ulipozinduliwa.

Tarehe hiyo ikipita, hakuna kinachozimika, ndiyo maana wengi hawashtuki. Lakini hatari huanza kujilimbikiza kwa njia mbili. Kwanza, matundu mapya yanayogunduliwa hayazibwi. Pili, toleo jipya linapopewa kiraka, wadukuzi hukichunguza ili wajue ni tundu gani limezibwa. Mara nyingi tundu hilo hilo limo katika toleo la zamani pia. Hivyo kiraka kinachomlinda aliyesasisha humwonyesha mwizi mahali pa kupita kwa yule ambaye hakusasisha.

Yaliyowapata wengine

Mfano wa kwanza unatoka Afrika Kusini. Kwa miaka mingi Flash, programu ya kampuni ya Adobe, ilikuwa injini ya kuendeshea fomu, michezo na video ndani ya kivinjari cha intaneti. Julai 2017 Adobe ilitangaza kwamba ingeacha kuitunza mwisho wa mwaka 2020. Hiyo ilikuwa ilani ya zaidi ya miaka mitatu. Tarehe 12 Januari 2021 kampuni hiyo ilianza kuzuia maudhui ya Flash yasifunguke. Mamlaka ya ushuru ya Afrika Kusini, SARS, ilikuwa bado na baadhi ya fomu za kodi zilizotegemea Flash. Mwezi huo huo ilitoa kivinjari chake maalumu ili fomu hizo ziendelee kufunguka. Walipa kodi waliozihitaji wakalazimika kupakua programu nyingine ili kutimiza wajibu wao, na injini iliyokwisha kuachwa na mtengenezaji ikaendelea kutumika.

Mfano wa pili ni wa Uingereza. Tarehe 12 Mei 2017 programu hasidi iliyoitwa WannaCry ilisambaa duniani, ikifunga mafaili ya tarakilishi na kudai malipo ili yafunguliwe. Ilipitia tundu lililokuwa ndani ya Windows. Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha tundu hilo tarehe 14 Machi, karibu miezi miwili kabla. Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ya Uingereza iliripoti kwamba angalau mashirika 81 kati ya 236 yanayoendesha hospitali na huduma za afya za umma nchini England yaliathirika. Maelfu ya wagonjwa walifutiwa miadi yao.

Somo la pale lina pande mbili. Tarakilishi nyingi zilizoambukizwa zilikuwa na Windows 7, ambayo mwaka 2017 ilikuwa bado inatunzwa. Kiraka kilikuwepo, lakini hakikuwekwa. Kwa upande mwingine, waliobaki na Windows XP, iliyoachwa Aprili 2014, hawakuwa na kiraka cha kawaida cha kuweka hata kama wangetaka. Microsoft ilikitoa kwa dharura baada ya shambulio kuanza. Kuwa na toleo linalotunzwa ni nusu ya kazi, na kuweka viraka kwa wakati ni nusu ya pili.

Mfano wa tatu unagusa injini moja kwa moja. Desemba 2021 ilitangazwa kwamba kuna tundu kubwa katika Log4j, kipande kidogo cha programu ambacho mifumo mingi ya Java hukitumia kuandika kumbukumbu za yanayotendeka ndani yake. Aliyejua tundu hilo angeweza kuamuru seva ya mtu mwingine itekeleze maagizo yake. Kiraka kilitolewa upesi, lakini kilihitaji Java 8 au toleo la baadaye. Ofisi zilizokuwa kwenye Java 7 au Java 6 hazingeweza kukitumia. Waandishi wa Log4j, ambao wengi wao hufanya kazi hiyo kwa kujitolea, walitoa toleo la Java 7 siku chache baadaye, kisha la Java 6 kabla ya mwezi kwisha. Katika siku hizo za kungoja, wadukuzi walikuwa tayari wanapekua intaneti wakitafuta seva zilizo wazi.

Hapo ndipo ubaya wa injini kuukuu unapoonekana. Dharura inapokuja, aliye kwenye toleo linalotunzwa huweka kiraka na kuendelea. Aliyebaki nyuma hana budi kwanza kuhama injini, kazi ambayo huhitaji miezi, huku mlango ukiwa wazi.

Kwa nini ofisi hubaki nyuma

Ni rahisi kulaumu uzembe, lakini sababu nyingi zina maana kwa anayezikabili.

Ya kwanza ni hofu ya kuvunja kinachofanya kazi, na hofu hiyo ina msingi. PHP 7, iliyotoka Desemba 2015, iliondoa amri za zamani ambazo tovuti nyingi zilitumia kuzungumza na hifadhidata ya MySQL. Tovuti iliyoandikwa kwa amri hizo ikihamishiwa PHP 7 bila marekebisho, haifunguki. Java 11 nayo, mwaka 2018, iliondoa sehemu ambazo mifumo mingi ya ofisi ilizitegemea. Kusasisha injini kunaweza kudai kazi ya kweli kwenye mashine yenyewe.

Ya pili ni mkataba. Ikiwa kampuni iliyojenga mfumo imefungwa au mkataba wake umekwisha, na ofisi haikukabidhiwa msimbo, yaani maandishi asilia ya programu, hakuna fundi mwingine anayeweza kuufungua na kuurekebisha ipasavyo.

Ya tatu ni bajeti. Mfumo mpya huzinduliwa, hupigwa picha na huandikwa habari. Kusasisha injini hakuna uzinduzi. Kazi ikifanywa vizuri, mwananchi haoni tofauti yoyote asubuhi inayofuata. Ndiyo maana fungu la ununuzi hupatikana kwa urahisi kuliko fungu la matunzo. Barabara ina hali hiyo hiyo: bila kuzibua mitaro na kuziba mashimo kila mwaka, pesa za lami hupotea. Ila shimo la barabarani kila mtu hulipita na kulilalamikia, na shimo la ndani ya seva halimsumbui mtu hadi siku ya tukio.

Hatua zinazofaa kuchukuliwa

Iwe ni ofisi ya umma, shule, ushirika wa maziwa au SACCO, mpangilio wa kazi haubadiliki sana.

1. Orodhesha. Andika kila mfumo unaotumika, injini yake, mfumo endeshi wake, namba ya toleo la kila kimoja na tarehe ya mwisho ya matunzo. Huwezi kulinda usichokijua.

2. Panga kwa uzito. Mfumo unaofikika kutoka intaneti na ulio na taarifa za wagonjwa au malipo hutangulia. Tarakilishi iliyo stoo isiyounganishwa na mtandao inaweza kungoja.

3. Jaribu kwenye nakala. Mfumo hunakiliwa kwenye seva ya majaribio, injini mpya huwekwa huko, kisha watumishi wanaoutumia kila siku hufanya kazi zao za kawaida: kutoa risiti, kutafuta jina, kuchapisha ripoti. Kinachovunjika hurekebishwa kabla ya kugusa mfumo halisi.

4. Tenga kisichoweza kuhamishwa sasa. Mfumo huo uondolewe kwenye intaneti ya wazi, ufikiwe na tarakilishi chache zilizoruhusiwa, na kumbukumbu zake zikaguliwe mara kwa mara. Hatua hii hupunguza hatari lakini haiiondoi, kwa hiyo iandikwe pamoja na tarehe ya kuhama.

5. Weka nakala ya akiba nje ya mtandao, na ujaribu kuirejesha. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa haijulikani kama ni nzima. Wakati wa shambulio la kufunga mafaili, nakala iliyounganishwa na seva ile ile inaweza kufungwa pamoja nayo.

6. Andika matunzo kwenye mkataba. Zabuni ya mfumo iseme wazi ni nani atakayesasisha injini, kila baada ya muda gani na kwa gharama ipi. Iseme pia kwamba msimbo na maelezo yake vitakabidhiwa kwa ofisi.

Sheria inasema nini

Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya kinalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka kila anayeshikilia taarifa za watu, pamoja na ofisi za umma, achukue hatua zinazofaa kuzilinda. Taarifa zikifikiwa na mtu asiyeruhusiwa na kukawa na hatari ya kweli ya madhara, anayezishikilia anatakiwa kumjulisha Kamishna wa Ulinzi wa Data ndani ya saa 72 tangu alipofahamu. Wenye taarifa nao wanatakiwa kujulishwa kwa maandishi katika muda unaofaa.

Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Chini ya sheria ya mwaka 2016 inayotekeleza haki hiyo, ombi huandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na afisa anayehusika anatakiwa kutoa uamuzi haraka iwezekanavyo, isizidi siku 21.

Tahadhari moja ni muhimu. Orodha kamili ya matoleo yanayotumika katika seva za ofisi haifai kubandikwa ukutani, kwa sababu mdukuzi naye ataisoma. Mwananchi anaweza kudai uwajibikaji bila kuomba orodha hiyo.

Maswali ya kuuliza katika kikao cha wadi

Mipango ya pesa za kaunti hufuata kalenda inayojulikana kisheria. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa katika Bunge la Kaunti kufikia 1 Septemba, hati ya mkakati wa fedha kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Maoni ya wakaazi hukusanywa katika safari hiyo. Wengi wetu hufika tukiwa na maswali kuhusu maji, barabara na zahanati, na ni sawa. Mifumo inayobeba taarifa za huduma hizo nayo inastahili dakika tano. Unaweza kuuliza hivi:

- Je, kila mfumo mkuu wa huduma una mkataba wa matunzo, na unaisha lini?
- Je, bajeti ya mwaka huu ina fungu la kusasisha mifumo iliyopo, mbali na la kununua mipya?
- Je, kaunti inamiliki msimbo wa mifumo iliyolipiwa kwa pesa za umma, au ina haki ya kuupata?
- Nakala ya akiba ilijaribiwa kurejeshwa lini mara ya mwisho?
- Mfumo ukilala kwa siku tatu, mama mjamzito ataandikishwaje hospitalini, na mfanyabiashara atalipaje ada yake?

Swali la mwisho ndilo lenye uzito zaidi kwa mwananchi wa kawaida. Ofisi iliyojiandaa itakuwa na jibu la moja kwa moja: fomu za karatasi ziko wapi, nani anazitoa, na taarifa zitaingizwaje mfumo ukirudi.

Nyumbani na katika biashara yako

Somo hili halihusu serikali pekee. Mwenye saiba, mwalimu mkuu, mweka hazina wa kikundi na mwenye duka la dawa wote wana tarakilishi zenye taarifa za watu wengine.

Katika Windows, bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, andika winver, kisha bonyeza Enter. Dirisha dogo litakuonyesha toleo ulilo nalo. Likiwa Windows 7 au 8, usilitumie kwa benki, kodi wala taarifa za wateja. Likiwa Windows 10, panga kuhamia toleo jipya au jiandikishe kupata masasisho ya ziada. Tarakilishi ikiwa kuukuu mno kwa Windows 11, matoleo ya Linux yasiyolipiwa, yanayotunzwa, yanaweza kuipa maisha mapya. Mwombe fundi unayemwamini akusaidie, na uhifadhi mafaili yako kando kabla hajaanza.

Ukiwa na tovuti ya biashara au shule, muulize anayekuhifadhia ni toleo gani la PHP linatumika na kama bado linatunzwa. Kwenye simu, fungua mipangilio na uangalie tarehe ya sasisho la mwisho la usalama. Ikiwa imepita miaka kadhaa na hakuna jipya linalopatikana, kuwa mwangalifu na kile unachokihifadhi humo.

Ukinunua programu ya kuuzia dukani au ya kuweka hesabu za chama, usiishie kuuliza bei. Uliza pia nani ataitunza, hadi lini na kwa kiasi gani, kisha jibu hilo liandikwe kwenye mkataba kabla ya kutia sahihi.